Kano ya Kuazima

Wamekata nyuma ya paja, wakashona mbele:
goti langu sasa linaishi kwa mkopo.
Ligula walinipa magongo mawili,
karatasi ya mazoezi, na neno moja: polepole.

Newala hakuna mashine za mazoezi.
Mama kajaza korosho ghafi kwenye soksi yangu ya mechi,
kilo moja na nusu kwa mzani wa chama cha msingi,
akaifunga kifundoni kwa kipande cha kanga.
Nyanyua. Hesabu kumi. Shusha.
Zinachakacha kama zinanicheka.

Msikitini nasali kwenye kiti,
kati ya Mzee Chipwaza na Mzee Nantende.
Wao wamekifikia kiti kwa miaka sabini,
mimi kwa rafu moja ya beki wa Tandahimba.

Wiki ya tisa. Kupanda si kazi;
kuteremka ndiko kunakouliza maswali.
Leo nimeshuka ngazi za zahanati bila kushika ukuta.
Sista Somoe akaandika: digrii mia na kumi.

Usiku nikafunga mlango,
nikatandika mswala, nikajaribu kusujudu.
Goti likagoma nusu ya safari.
Nikabaki hapo, si kuinama, si kuinuka,
kano ya kuazima ikivuta.
Nikahesabu kumi.
Kisha kumi tena.