Fedha Isiyohesabika

Holo Lugwisha wa Igogo, kule juu kwenye mawe,
alipokea chujio siku ya Jumatano:
chungu cha udongo na pumba za mpunga,
kimechomwa kikaiva, ndani kimepakwa fedha.

"Fedha?" Akacheka. "Tangu lini nyie wa mradi
mmegawa fedha? Tena mnaitia majini,
si mkononi?"

Nikamweleza. Chukua unywele wako mmoja,
upasue mara elfu, kipande kimoja
ukipasue tena, mpaka kisu chenyewe kione haya.
Hapo ndipo chembe zetu zinapoanzia.
Kijidudu cha kipindupindu kikizigusa, hakivuki.

Mwaka ule mvua za Machi zilishusha vyoo mlimani,
na ngazi ile ya kina Holo haikuzika mtoto.
Nasema nilichokiona. Daftari langu lipo.

Ila Holo ni mtu wa kuuliza.
Kila Jumamosi alisugua chungu kwa brashi
kama tulivyomfundisha, akamwaga uchochoroni;
maji yakashuka ngazi za mawe,
yakampita fundi viatu, yakaingia mtaroni,
yakatokea pale korongo wanapogombea matumbo ya sangara,
ziwani.
"Ng'wanone, hiyo fedha yenu,
ikitoka kwangu inakwenda kutumika wapi?"

Sikuwa na jibu.
Zebaki ya machimboni naipima mwenyewe, mezani kwangu.
Chembe hizi siwezi. Chupa zake hupanda ndege,
na baada ya miezi mitatu karatasi hurudi:
*chini ya kiwango cha kuonekana.*

Chini ya kuonekana. Hawakuandika *hakuna*.
Na mimi, mwenye koti jeupe,
ndiye niliyesimama mlangoni pake nikamwapia
kwamba kisichoonekana ndicho chenye nguvu.

Jana nilikula kwake. Ugali wa muhogo,
dagaa wa Igombe wa kukaanga, macho wazi,
ubavuni wanang'aa fedha,
kama walivyong'aa enzi za bibi yake,
kabla ya mradi, kabla yangu.
Nikamshika mmoja mkiani, nikamgeuza kwenye mwanga,
nikamgeuza tena.

Holo akanisogezea kikombe cha maji ya chungu.
"Kula," akasema. "Au unahesabu?"