La Elfu Nane na Moja

Tabrizi. Baridi imeganda kiooni.
Golnesa amefunga mafundo elfu nane tangu alfajiri,
jekundu, jekundu, la buluu, jekundu,
na la elfu nane na moja
limejifunga lenyewe
chini ya bega lake la kulia.

Hamamuni, Mahrokh anapapasa.
"Hapa?"
"Juu kidogo."
"Hapa?"
Golnesa anavuta pumzi kama aliyekanyaga sindano.
Kumbe ni dogo hivyo, punje ya dengu,
na maumivu yake yanapanda hadi nyuma ya jicho!

Mahrokh analikalia kwa kidole gumba
kama mgeni asiye na haraka ya kuaga.
"Toa pumzi. Tena. Usinisaidie."
Msuli uliosahau kulegea
unasubiriwa ukumbuke.

Halafu kitu kinateleza.
Golnesa anacheka huku machozi yanamtoka.
"Uwe unasimama kila robo saa," anaambiwa,
"uzungushe mabega.
Zulia halitakimbia."

Kesho yake, kwenye fundo la mia tatu,
anasimama.
Msimamizi anakohoa.
Anazungusha mabega, mara moja, mara ya pili,
uzi ukining'inia, haujafungwa.