Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika nane usiku,
chumba cha chini cha maktaba, hapa Duluth,
theluji ikiwa imefikia vitasa vya milango.
Akidi ilitimia: kaya ishirini na moja kati ya arobaini,
na mbwa wa mwenyekiti, ambaye sikumhesabu.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kukausha maneno.
Mtu akifoka, naandika "alieleza."
Akipiga meza, "alisisitiza."
Akilia, kama Joyce Tuominen alivyoulilia mti wake
uliokatwa kwa azimio namba sita,
naandika "mjumbe alitoa maoni,"
kisha nampa kitambaa,
na hicho hakiingii kwenye kumbukumbu.

Faili la malalamiko ni la kijani.
Nusu yake ni mwandiko wa mtu mmoja,
Verlyn Aasgaard, namba kumi na tano,
mwalimu mstaafu wa hesabu,
herufi zimesimama wima kama misumari.
Barua kumi na moja tangu Oktoba,
zote juu ya taa ya gereji ya namba kumi na nne:
inawaka usiku kucha, inapenya pazia,
inaangukia mto wa kushoto wa kitanda chake,
ule ambao, aliandika mara moja tu, barua ya nne,
"siku hizi hauna mtu."

Mwenye taa, Bi Mai Yia Vang,
alisimama, akasema, "Nimesikia,"
akakaa.
Nikaandika: Hoja imepokelewa. Utekelezaji: mhusika.
Taa ikaendelea kuwaka.
Faini ikapendekezwa, ikaungwa mkono,
na Curtis Lindquist, mwenyekiti,
anayeogopa kura kuliko baridi,
akaiahirisha.

Januari tisa, kabla kahawa haijachemka,
barua ya kumi na mbili ikapenyezwa chini ya mlango wangu.
Herufi zilikuwa zimelala.

"Kwa Katibu.
Taa ya namba kumi na nne haijawaka usiku wa pili sasa.
Magazeti mawili yako kibarazani.
Hakuna alama ya kiatu kwenye theluji.
Naomba jambo hili lishughulikiwe."

Kanuni zetu zina kurasa thelathini na sita.
Kuna kifungu cha mwanga uliozidi.
Cha giza hakuna.
Niipeleke wapi? Kelele? Maegesho? Rangi za kuta?
Nikaiweka kwenye Mengineyo,
nikavaa buti na koti juu ya nguo ya kulalia,
nikatoka.

Nilimkuta ameshafika, na koleo,
anachimba njia ya kwenda kwenye mlango usio wake,
pumzi zikimtoka kama za birika.
Hakunisalimu.
"Umechelewa," alisema.

Tukabonyeza kengele.
Miaka sita nimeandika saa ya kufungua na saa ya kufunga;
sikuwahi kujua dakika moja ina vyumba vingapi ndani.

Kisha komeo. Kisha Bi Vang,
kifundo cha mguu kimefungwa taulo na mwiko wa kusongea,
uso wa mtu aliyesumbuliwa.
"Balbu iliungua," alisema. "Nilipanda kiti."
Kwa nini huiwasha mpaka asubuhi, hatukuuliza.
Nilipiga simu hospitali.
Verlyn alikuwa amekwisha geuka,
anaipima soketi kwa macho.

Kikao cha Februari. Agenda ya tatu: Yatokanayo.
Balbu imenunuliwa, dola nne na senti kumi na tisa.
Mlipaji: mlalamikaji. Mfungaji: mlalamikaji.
Bi Vang ametoa shukrani
na bakuli la supu, ambalo halikujadiliwa.

"Basi shauri lifungwe?" Curtis akauliza,
tayari ameshika funguo za gari.

Verlyn akanyosha mkono.
Ana barua. Ya kumi na tatu.
Nimeziona kwa mbali: herufi zimesimama tena.
Balbu mpya, anasema, ni nyeupe mno.
Ile ya zamani ilikuwa na unjano kidogo,
na mtu alikuwa ameshaizoea.

Bi Vang, magongo yamelala mapajani,
akasema, "Nimesikia."

Nikaandika: Hoja imepokelewa.
Shauri halijafungwa.