Bei ya Pazia

Minnesota, Januari ya sabini na mbili.
Theluji imefika usawa wa dirisha,
nami, kijana wa miaka ishirini na mitatu,
nimekabidhiwa kalamu, saa na jedwali.
Kazi yangu ni kuhesabu.

Kutandika kitanda: kipande kimoja cha plastiki ya kijani.
Kupiga mswaki: kimoja.
Kuketi mezani bila kujibizana na asiyeonekana: viwili.
Sigara inauzwa vitatu. Kahawa ya pili, vitatu.
Pazia la kuzungushia kitanda usiku, kumi na tano.

Niliyaandika yote hayo na mkono haukutetemeka.
Pazia, kumi na tano.

Wiki ya sita mstari ulikuwa umepanda.
Orrin Tollefsrud, bubu wa hiari tangu arudi Korea,
aliomba chumvi.
Daktari Lindgaard akanishika bega: Umeona?
Nimeona, nikasema. Na kweli nilikuwa nimeona.

Kisha, kama utafiti unavyodai, tukasitisha malipo
siku ishirini, tujue ni vipande au ni bahati.
Mstari ukaporomoka.
Mashuka yakalala sakafuni, Orrin akaurudia ukimya wake,
nasi ofisini tukapeana mikono,
maana anguko lile ndilo lililokuwa ushahidi.
Sijapata tena kufurahia baya namna ile.

Ila Verna Skoglund.
Mstari wake haukupanda, haukushuka.
Alitandika kabla ya malipo, wakati wa malipo,
na yalipokatika akatandika.
Alichopata hakununulia kitu.
Haba na haba, sawa, lakini kibaba kiko wapi?

Nilipomuuliza alinipeleka nyuma ya bomba la joto,
kwenye ufa mwembamba ukutani.
"Nampa huyu anayenifokea usiku.
Zamani alitaka nijikate.
Sasa anachukua viwili, naniacha nilale mpaka saa kumi."

Na zile siku ishirini?

"Nilikopa," akasema. "Ananidai arobaini."

Nikalitazama jedwali. Kitanda, mswaki, meza.
Nikaligeuza, kana kwamba safu ninayoitafuta
ingekuwa imejificha mgongoni mwake.
Ripoti ikatoka masika, kurasa kumi na nane:
*Mgonjwa wa kumi na moja: hakuitikia.*

Wanafunzi wakiniuliza leo, nawaambia mpango ulifaa.
Si uongo. Chumvi ile iliombwa kwa sauti,
niliisikia kwa masikio yangu.
Halafu nanyamaza kidogo,
nao hudhani natafuta miwani.

Usiku wangu wa mwisho pale, nilimzungushia Verna pazia,
bure, bila kuandika popote,
nikaenda zangu nikijiona mtu mwema.
Alfajiri nililikuta limekunjwa vizuri juu ya kiti,
pembe kwa pembe, kazi ya kipande kimoja.
"Ahsante," akasema, "lakini nikiwa humo ndani
simwoni anapokuja."