Pale, Kule, Mle

Yihya, mfua fedha wa Aden, mpangaji wa bibi yangu Kiponda,
alikuwa juu ya mstari mmoja tangu asubuhi:
*Yaakobo akakumbana na mahali.*

Wazee wao wamelibishania neno hilo karne kwa karne.
Huyu: mahali ni mlima.
Yule: ni jina la Mungu mwenyewe.
Mwingine, kwamba mawe yaligombea kichwa chake
usiku kucha, hata alfajiri
yakawa jiwe moja.

Mimi, chokaa hadi kwenye viwiko, nikiziba ufa wa ukuta wake,
nikauliza: alikumbana napo pale, kule, au mle?

Akanyamaza. Akakifunika chuo,
akapapasa tumbawe lililo uchi baina ya boriti mbili
kama mtu aliyemkumba mwenyeji gizani
anayetaka radhi.