Kibao Nusu

Rangi iliniishia kwenye herufi ya nne.
Nilitaka kuandika paraguas, yaani miavuli.
Ubao ukabaki na PARA, na nafasi tupu,
na mchirizi wa buluu ulioteremka hadi ukingoni
kama mtu aliyekatiza maneno
akakumbuka ameacha jiko linawaka.

Hapa Valdivia mvua haiji. Mvua inakaa.
Jua ndilo mgeni: hupiga hodi, hunywa chai, huaga.
Mji mzima una miavuli iliyovunjika mbavu,
nyuma ya milango, chini ya vitanda,
ndani ya mapipa ya soko la samaki
ambako simba-bahari hulala ngazini
wakidai vichwa na matumbo ya samaki
bila tangazo, bila kibao, bila aibu.

Aibu yao nilikuwa nayo mimi.

Nilikuwa nasubiri koleo ndogo kutoka Temuco,
kitambaa cheusi, nyuzi zisizooza,
kadi zenye jina langu: Ismenia Paillalef, Fundi.
Zaidi ya hivyo nilisubiri asubuhi moja
ambayo ningeamka nikiwa mtu wa kuitwa hivyo.
Wiki ya kwanza ikapita. Ya sita ikapita.
Kodi ya chumba haikusubiri koleo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
aliyesema hivyo hakupanga chumba
kwenye kichochoro kinachopitwa na paka watatu
na mzee mmoja aliyepotea njia.

Dada yangu Nolfa, muuza mwani,
aliingia akichuruzika maji sakafuni.
"Umefungua?"
"Bado. Sijawa tayari."
"Mvua imekuuliza kama uko tayari?"
Akachukua kibao, nusu vilevile,
akakigongomelea mlangoni kwa misumari miwili,
mmoja umepinda,
akaenda zake, maana mwani haujitembezi.

Nikakaa ndani kama mwizi dukani kwangu.
Kila kivuli kilichopita dirishani
niliomba kisimame, kisha nikaomba kipite.

Saa tano akatokea don Eleodoro,
tarishi mstaafu, mrefu, pua nyekundu,
maji yakimtiririka kwenye ukosi.
"Kibao kinasema para," akasema,
na katika lugha yetu neno hilo ni amri: simama.
"Basi nimesimama. Kuna nini?"

Hapo ndipo ilinibidi kuisema.
Peke yangu nilikuwa nimeisema mara elfu,
kwa kioo, kwa sufuria, kwa ukuta.
Mbele ya mtu mwenye masikio ikatoka kwa kukwaruza:
"Natengeneza miavuli. Nitakuwa natengeneza.
Yaani, koleo langu bado..."

Alikuwa tayari ameuweka mezani.
Mbavu tatu zimevunjika, mpini una alama za meno
za mbwa wa mitaa yote aliyopeleka barua.

Nilitumia kibanio cha nyusi.
Nilitumia uzi wa kuvulia samaki, na sindano ya magodoro,
na kimya, ambacho yeye alikijaza kwa habari za mbwa.
Ulipofunguka ulikaa upande
kama kofia ya mlevi aliyekataa kwenda nyumbani.
Nilitaja bei, kisha kabla hajajibu nikaipunguza.
Akalipa ile ya kwanza.

"Ukifumuka," akasema mlangoni,
"nitarudi kulalamika, kwa sauti kubwa,
mtaa mzima usikie."
Usiku ule sikulala. Nilihesabu mishono kichwani,
nikaipata yote, nikaitilia shaka yote.

Alhamisi ukafumuka.
Akarudi kweli, na sauti kubwa kweli,
akilitaja jina langu kutoka kona ya mtoni
hadi mlangoni, jina zima, la baba pia.
Nyuma yake wanawake wawili
waliokuja kutazama ugomvi,
kila mmoja na mwavuli kwapani
usiofunguka tangu mwaka juzi.

Nikavuta kiti.
Koleo la Temuco bado liko njiani.