Nusu ya Digrii

Kazi yangu ni kumshona.
Kila jioni wananiletea yule mtoto,
mkono kando, kichwa kando,
theluji imemgandia shingoni,
nami namlaza juu ya meza ya karakana
na kutunga uzi wa nailoni.

Ana sponji mahali pa nyama.
Chini ya koti nimemshonea utando wa alumini
ili rada imwone kama inavyowaona wenye damu.
Koti lilikuwa la Onerva wangu, alipokuwa na miaka sita.
Sasa ana kumi na mmoja, halimwingii.

Leo Ziwa Inari lilikuwa gumu kama sakafu, upepo haukuwapo.
Kamba ikamvuta mtoto akatize,
gari likaja na mwendo wa hamsini,
likamwona.
Naapa lilimwona:
kisanduku chekundu kwenye skrini, namba zikiteremka.
Kufumba na kufumbua likachora njia kumi na mbili,
likazitupa kumi na moja
(hii ina ukingo, ile italipindua, ile imechelewa),
likabaki na moja, laini kama pindo la shela,
likaifuata bila kuyumba

na likamgonga.

Reijo hakusema neno mpaka chai ikapoa.
Kisha akaenda na tochi.
Kishikio cha kihisi kililegezwa na baridi,
nusu ya digrii.
Nusu! Ukiitazama kwa macho huioni.
Lakini mita arobaini na tano mbele
nusu hiyo imeshakuwa sentimita thelathini na tisa,
na mtoto mzima anaenea humo.
"Njia haikuwa na kosa," akasema.
"Imemkwepa vizuri sana mtoto asiyekuwepo."

Usiku huu anaandika upya.
Anataka gari lizungushie shaka
kila kinachoonekana,
na njia ipite nje ya shaka, si nje ya kitu.
Shaka ikiwa finyu, nitashona.
Ikiwa pana, gari litakanyaga breki kwa kila vumbi la theluji
na lori la magogo li nyuma yake.
Iwe pana kiasi gani?
Akaniuliza mimi, mtu wa sindano.

Nikamwambia, nikikata kitambaa
huacha kidole kimoja nje ya chaki.
Siyo kwamba chaki ni mbaya.
Mkono ni wangu, naujua.

Hakucheka. Alipima kidole changu.

Kesho saa tatu wanamtaka tena.
Nimemfunga vifungo vyote, hadi kile cha kidevuni,
ingawa najua
hahisi baridi.